Ligi ilipanuliwa, Mtwara ikatoka

Shabiki wa Kitangari anayetaka kuiona Ligi Kuu kwa macho yake, si kwenye kibanda umiza, hana uwanja wa kwenda ndani ya mkoa wake. Itambidi ateremke uwanda wa Makonde, avuke mpaka na kuingia Lindi, aende Ruangwa kwenye Uwanja wa Majaliwa, nyumbani kwa Namungo. Kati ya 2014 na 2020 safari ilikuwa ya Mtwara mjini, Uwanja wa Nangwanda Sijaona, ambako Ndanda FC iliwapokea Simba, Yanga na Azam mbele ya watu wake.

Katika miaka hiyohiyo ligi ilipanuliwa mara mbili. Timu 14 zikawa 16, kisha 20. Ilipofika zamu ya kuipunguza, Mtwara ikatoka, na hadi msimu wa 2024/25 ulipokwisha mkoa ulikuwa haujarudi. Mjadala wa timu ngapi zicheze Ligi Kuu, na nani aongezwe, huzuka kila baada ya muda. Kwa watu wa Newala na Masasi, historia inaonyesha kwamba jibu la pili halitokani na la kwanza.

Mpira wenyewe haukuchelewa kufika huku. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akawaleta bara, wakaweka makazi Masasi. Misheni ilikuwa na shule ya wavulana Kiungani, Zanzibar, na huko kandanda ilichezwa tangu karne ya 19. Walimu na makasisi waliosoma Kiungani, wakiujua mchezo huo, walikuwa miongoni mwa waliotumwa Masasi na Newala. Shule za misheni, Chidya ya Waanglikana na Ndanda ya Wabenediktini, zikaja kuwa majina makubwa ya elimu Kusini.

Ligi ya taifa ilianza 1965 na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo leo ni Simba. Miaka kumi baadaye Mseto ya Morogoro ikautoa ubingwa Dar es Salaam. Tukuyu Stars wakautwaa 1986, Coastal Union ya Tanga 1988. Mtwara ilikuwa na Bandari, iliyowahi kugusa ligi ya juu, lakini mkoa ulikaa mbali na mbio za ubingwa. Ugumu wa safari si siri kwa mtu yeyote wa umri wa kukumbuka kivuko cha Ndundu kwenye Mto Rufiji. Mto ulipojaa, Kusini ilibaki peke yake. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, na hata baada ya hapo kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kusubiri lami kwa miaka. Timu ya mkoani huishi kwa nauli, posho na kambi, kwa hiyo barabara mbovu iliingia moja kwa moja kwenye hesabu za klabu.

Ndanda ilipata njia msimu wa 2013/14. Ligi Daraja la Kwanza ilikuwa imegawanywa makundi matatu, na kinara wa kila kundi alipanda. Ndanda ikapanda pamoja na Stand United ya Shinyanga na Polisi Morogoro, huku Ligi Kuu ikibaki na idadi ileile ya timu 14. Hakuna kiti kilichoongezwa kwa ajili ya Kusini. Kilichosaidia ni kwamba timu ya Mtwara haikulazimika kuzunguka nchi nzima ili kupanda.

Upanuzi wa kwanza ulikuja 2015/16. Zilishuka mbili, zikapanda nne: Mwadui, Toto Africans, African Sports na Majimaji ya Songea. Kwa muda Kusini ikawa na timu mbili, moja kila upande wa Tunduru.

Wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Mwaka 2018 zilishuka Njombe Mji na Majimaji, zikapanda sita: KMC, Coastal Union, JKT Tanzania, African Lyon, Biashara United ya Mara na Alliance ya Mwanza. Ligi ikafika timu 20. Milango ilifunguliwa kwa sita, na Songea ikawa miongoni mwa waliotolewa.

Kwa Ndanda, timu 20 zilimaanisha mechi 38 badala ya 30. Kutoka Mtwara hadi Bukoba, kwa Kagera Sugar, ni karibu kilomita 2,000 za barabara, na sasa Musoma nayo ilikuwa kwenye ratiba. Wakati huohuo msimu wa 2018/19 ulichezwa bila mdhamini mkuu, baada ya Vodacom kuondoka. Safari ziliongezeka mwaka ambao pesa ya udhamini haikuwepo. Klabu zenye mwajiri nyuma yake, kama za jeshi, polisi, viwanda vya sukari au manispaa, zina pa kuegemea. Klabu ya wananchi inategemea viingilio na wahisani, na katika mikoa ya korosho mifuko ya watu hujaa kwa msimu. Novemba 2018 ndipo Serikali ilipoagiza jeshi linunue korosho kwa Sh3,300 kwa kilo, baada ya wakulima kuzigomea bei za minada. Haikuwa miezi ya kuichangishia timu.

Msimu huo zilishuka mbili tu, Stand United na African Lyon, na Namungo ikapanda pamoja na Polisi Tanzania. Kwa mwaka mmoja Lindi na Mtwara zote zikawa Ligi Kuu. Kisha kanuni ikabadilika ili ligi ipungue hadi 18. Mwisho wa 2019/20 Singida United, Lipuli, Alliance na Ndanda zilishuka moja kwa moja, Mbao ikafuata kwa mchujo, na nafasi tano zikajazwa na timu tatu: Dodoma Jiji, Gwambina na Ihefu. Mwaka uliofuata zikashuka nne, zikapanda mbili, ligi ikarudi 16.

Anayesema Kusini haina mpira aitazame Namungo. Msimu wake wa kwanza ilimaliza ya nne, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Sumbawanga na kufungwa na Simba 2-1. Ikaenda Afrika na kuingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la CAF. Ruangwa ni mji mdogo, na lilikuwa jimbo la Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu, ambaye uwanja una jina lake. Uwezo wa wachezaji ulikuwepo. Ruangwa ilipata na watu wa kuubeba, jambo ambalo Mtwara ililikosa.

Kwingineko swali la nani aingie hujibiwa kwa mwaliko. Marekani, ambako vyuo vikuu hucheza mpira wao wa kimarekani katika jumuiya za kanda, jumuiya ya Big Ten ilifika vyuo 18 mwaka 2024 kwa kuchukua UCLA, USC, Oregon na Washington kutoka pwani ya Pasifiki. Pac-12, iliyokuwa nyumba yao, ikabaki na vyuo viwili. Haki za televisheni ndizo zilizoamua, na wanafunzi sasa huvuka bara zima kwenda kucheza. Sisi hatualiki, tunapanda na kushuka, na huo ni utaratibu wa haki zaidi. Lakini televisheni imeanza kuamua na kwetu: mkataba wa televisheni na Azam wa 2021 ni wa Sh225.6 bilioni kwa miaka kumi, na timu iliyo nje ya Ligi Kuu huutazama kwa mbali.

Mwaka huohuo wa 2021 kulitokea badiliko lililozungumzwa kidogo. Daraja la pili liliitwa Championship na kufanywa jedwali moja la timu 16 za nchi nzima. Makundi yaliyoipandisha Ndanda 2014 yakaisha. Sasa klabu ya Masasi au Newala inayotaka Ligi Kuu lazima kwanza ilipie mechi 30 za nchi nzima katika daraja lenye pesa kidogo. Gharama iliyoiangusha Ndanda juu imeshushwa ngazi moja, ikawekwa mlangoni.

Ndiyo maana kurudisha timu 18 au 20 hakutaisaidia Mtwara. Kinachohitajika ni Championship yenye makundi ya kanda, washindi wake wakutane mwishoni kwenye mchujo wa kituo kimoja, na TFF na Bodi ya Ligi wagharimie usafiri wa hatua hiyo ya mwisho. Ligi Kuu ibaki na timu 16. Wachezaji Kusini inao; mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA huwaonyesha kila mwaka. Wapewe njia ya kupanda ambayo klabu ya wakulima wa korosho inaweza kuilipia.