Shangazi, usitoe pesa kwanza!

Umesema fundi anataka kubadili "sensa ya mota" ndani ya kompresa ya AC yako ya inveta. Usitoe hata shilingi. Ya joto ipo, imebandikwa nje kwenye bomba. Ya mota kwa kawaida haimo.

Mota ya sumaku haiendi mpaka ijulikane sumaku imeelekea wapi, ndipo umeme upelekwe koili inayotakiwa. Mota nyingi hutumia sensa. Lakini kompresa imezibwa kabisa, ndani ni moto, oili na gesi, sensa itadumu wapi? Mwaka 1985 Iizuka na wenzake wa Hitachi, Japani, walichapisha njia yao: sumaku ikizunguka huzalisha umeme katika koili iliyopumzika, na kompyuta ndogo kwenye bodi huusoma ikajua sumaku ilipo. Ikiwa imesimama haizalishi kitu! Ndiyo maana huwashwa kwa kupapasa, inasukumwa taratibu mpaka ishike kasi, halafu kompyuta inaanza kusoma.

Akirudi huyo fundi, mwulize kama ameshapima bodi ya nje.