Historia ya unga unaochelewesha matunda kuiva

Ndizi moja mbivu huivisha tenga zima kwa sababu hutoa gesi ya ethilini. Miaka ya 1990, watafiti Edward Sisler na Sylvia Blankenship wa Marekani waligundua kuwa gesi nyingine, 1-MCP, hukalia nafasi ya ethilini ndani ya tunda, na tunda likachelewa kuiva. Tatizo likawa namna ya kuihifadhi gesi hiyo.

Jibu lilitoka kwenye wanga. Mwaka 1891 Mfaransa Villiers, akichachusha wanga kwa bakteria, alipata fuwele gramu 3 tu kwa kila kilo. Baadaye ilijulikana kuwa ni sukari zilizoshikana duara kama pete. Pete ya sukari 6 huifungia 1-MCP katikati, ikawa unga mkavu. Unga ukitiwa maji, gesi hutoka.

Hivyo unga huu hutumika ndani ya chumba kilichofungwa vizuri, matunda yakiwa bado mabichi. Anayekuuzia ili urudishe ubichi wa embe lililokwisha kuiva anakula pesa yako bure. Kama huna unga, tenganisha mabivu na mabichi siku ileile ya kuvuna.