Wawili wa Victoria Jazz na wimbo wa pande mbili

Vijana wanaocheza ohangla ya kinanda Awendo usiku wa wikendi wanacheza juu ya msingi uliojengwa na watu wa Nyanza nusu karne iliyopita. Wengi wao hawajui majina ya wawili waliokuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa msingi huo, Ochieng' Nelly Mengo na Collela Mazee, walioanzisha Victoria Jazz mwaka 1972. Hilo linaniuma, kwa sababu miziki ya densi iliyotoka kwao ilisikika mbali sana na ziwa lililoipa bendi hiyo jina.

Msingi huo ni benga, muziki wa densi wa magita, nayo haikuanza nao. Upande wa pili wa mpaka, Shirati nchini Tanzania, alizaliwa Daniel Owino Misiani mwaka 1940, na bendi yake ya Shirati Jazz ilikuwa imeshika usukani tangu miaka ya 1960. Misiani alipenda mafumbo. Alisimulia visa vya Biblia na vya wanyama huku wasikilizaji wakitambua wenyewe ni mkubwa gani anayechomwa, na nyimbo hizo zilimpeleka rumande zaidi ya mara moja. Barabara ya kutoka Kisii inayopita Rongo, Awendo na Migori hadi Isebania ndiyo iliyounganisha ulimwengu huo. Mwanamuziki wa Shirati na mcheza densi wa Awendo walizungumza lugha moja, serikali mbili zilizowatawala zikiwa hazina la kusema katika hilo.

Ukitaka kuelewa kilichowafanya wapiga gita wa benga wawe tofauti, anza na nyatiti. Ala hiyo ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, huzichezesha kwa vidole vya mikono yote miwili, na kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma ambayo huigonga kwenye ubao wa ala yenyewe, huku njuga za gara zikilia mguuni. Mtu mmoja anapiga uzi, anapiga ngoma na anaimba, vyote kwa pamoja. Benga ilizigawa kazi hizo kwa watu kadhaa na kuzitia umeme. Gita la solo likachukua vidole vya nyatiti, la ridhimu likawa linaitikia, besi ikasogea mbele kuliko ilivyozoeleka kwenye rumba ya Kongo, na mguu wa mpiga ngoma ukarithi ile pete. Mwimbaji akimaliza kusimulia, magita huingia mbio peke yao, na hapo ndipo watu waliokuwa wameketi huinuka.

Sasa, mtu akiniuliza albamu ya kwanza ya Nelly na Collela ni ipi, jibu la haki ni rundo la santuri ndogo. Soko la Nyanza la miaka ya 1970 lilikuwa soko la santuri za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila santuri. Upande wa kwanza ulibeba maneno: sifa za msichana, za rafiki mwenye duka, za marehemu. Wimbo ukakatika hapo. Ukageuza santuri, na upande wa pili ukaendelea na densi yenyewe. Umbo la benga tunalolijua, maneno kwanza na kasi baadaye, lilikaa sawasawa kwenye santuri hiyo, na naamini hiyo ni sababu mojawapo ya mtindo huo kudumu. Jina la bendi nalo halikutulia. Santuri zao zilitoka kwa majina ya Victoria Jazz, Victoria Kings, hata Victoria B Kings.

Vichekesho vilikuwa sehemu ya kazi ya bendi. Katika vilabu vya Waluo kuna pakruok: mteja anatoa pesa, muziki unapunguzwa, naye anajitapa au anamtania mwenzake kwa majina ya sifa, ukumbi mzima ukicheka, kisha magita yanarudi. Bendi isiyojua kuucheza mchezo huo haikufika mbali.

Aliyeibeba miziki hii kutoka vilabuni hadi sokoni ni Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji na mfanyabiashara wa santuri kutoka Nyanza Kusini, ambaye baadaye aliingia Bungeni. Lebo zake, zikiwemo POK na Sungura, zilitawala benga ya miaka ya 1970. Santuri hizo zilifika kusini mwa Afrika, na wapigania uhuru wa Zimbabwe walizisikia wakiwa kambini Tanzania na Msumbiji. Walirudi nyumbani nazo. Zimbabwe muziki huo uliitwa kanindo, na mtindo wa magita uliozaliwa huko baadaye, wa kina John Chibadura na Alick Macheso, mpaka leo unaitwa sungura. Sijui mfanyabiashara mwingine wa Kenya ambaye jina lake na la lebo yake yote mawili yamekuwa majina ya muziki wa taifa jingine.

Kwa wasikilizaji wa Ulaya, Victoria Kings walifika mwaka 1993, pale lebo ya GlobeStyle ya London ilipotoa mkusanyiko wao, The Mighty Kings of Benga. Nyumbani, kazi kubwa ya kuikusanya historia ya benga ilifanywa na Ketebul Music ya Nairobi, iliyotoa Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008, kitabu pamoja na filamu na muziki. Misiani hakuiona. Alifariki Mei 2006 katika ajali ya barabarani karibu na Kisumu.

Kazi hiyo ya kukusanya si ya Nairobi peke yake. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linazipa kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho. Kwa hiyo Migori na Homa Bay hazihitaji ruhusa ya Nairobi kununua santuri zilizobaki kwenye masanduku ya wazee, kuzisafisha, kuzinakili na kuziweka mahali ambapo mpiga kinanda wa Awendo anaweza kuingia na kuzisikiliza bure. Wazee wanaokumbuka nani alipiga solo kwenye wimbo upi wapo bado, na wao ndio wa kuanza nao.