Hadina na thina kwenye rangi ya mafuta: vipimo sahihi na hatari ya kupuliza

Geti limepulizwa rangi nyeusi Ijumaa. Jumatatu mwenye nyumba analigusa, na alama ya kidole inabaki. Au rangi imekauka vizuri, lakini msimu mmoja wa mvua ukipita inaanza kubanduka kama maganda. Mara nyingi lawama humwendea mtengenezaji wa rangi, ilhali kosa lilifanyika kwenye kopo la kuchanganyia.

Katika makala hii tunaeleza kazi ya hadina na thina, namna ya kuzipima, na kwa nini fundi anayepuliza rangi yenye hadina akiwa amejifunga kitambaa puani anahatarisha mapafu yake.

Thina huondoka, hadina hubaki

Thina huifanya rangi iwe nyepesi ipite kwenye tundu la bunduki ya kupulizia. Ikishafika kwenye chuma, thina huvukiza na kwisha. Haiongezi ugumu wala mng'ao.

Rangi ya mafuta ya kawaida, yaani enameli, hukauka kwa hatua mbili. Kwanza thina huvukiza, kisha mafuta yaliyomo kwenye rangi hushika oksijeni ya hewani na kuwa magumu. Hatua hii ya pili huenda polepole. Rangi inayoonekana kavu leo huweza kuchukua wiki kadhaa kukomaa.

Hadina huharakisha mambo. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya enameli zina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huungana na rangi na kuwa sehemu yake. Rangi hukomaa mapema, hung'aa zaidi, na huvumilia petroli na mikwaruzo kuliko ile isiyo na hadina. Ila si kila enameli inakubali hadina, na hadina ya rangi ya magari haifai kila rangi. Soma kopo, au muulize muuzaji kabla hujalipa.

Chuma kwanza

Kutu iondolewe kwa brashi ya waya na msasa, mafuta yafutwe kwa kitambaa safi chenye thina, kisha ipigwe praima. Rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu bila tahadhari, kwa kuwa huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ilowanishe kwa maji unapopiga msasa, na takataka zake usiziache uwanjani.

Bomba na mabati yenye zinki yanahitaji uangalifu zaidi. Enameli ikipigwa moja kwa moja juu ya zinki, mafuta yake huungana na zinki na kutengeneza kitu cha jamii ya sabuni, na rangi hubanduka baada ya miezi. Dawa yake ni praima iliyoandikwa kuwa ni ya mabati.

Kupima

Vipimo ni vya ujazo, isipokuwa kopo liseme ni vya uzito. Kila mtengenezaji ana kipimo chake. Tuchukue mfano wa kopo linalosema sehemu 8 za rangi, 2 za thina na 1 ya hadina. Kwa lita 1 ya rangi utahitaji mililita 250 za thina na mililita 125 za hadina. Kopo jingine likisema sehemu 16 za rangi kwa 1 ya hadina, lita hiyo hiyo itataka takriban mililita 63 tu. Kukisia kwa kizibo cha chupa hakufai.

Koroga rangi mpaka chini kabisa, kwani unga wake hutuama. Tia hadina, koroga vizuri, ndipo uongeze thina kidogo kidogo, ila kama kopo limetoa utaratibu mwingine. Chuja kwa kitambaa cha nailoni kabla ya kumimina kwenye bunduki.

Wapo wanaoongeza hadina ili rangi ikauke upesi zaidi. Ikizidi, rangi huwa kavu mno na kupasuka. Thina ikizidi, rangi huchirizika na kuacha michirizi kama machozi. Ikipungua, uso huwa na vijinundu kama ganda la chungwa. Vijinundu hivyo hutokea pia siku ya jua kali, thina inapovukiza kabla rangi haijatulia.

Aina ya thina nayo ina maana. Thina kali ya rangi za magari huweza kuivimbisha rangi ya chini ikakunjamana. Mafuta ya taa huacha utelezi. Petroli isitumike kamwe: mvuke wake huwaka kwa cheche moja, na karakana nyingi za mageti zina mashine ya kuchomelea hatua chache tu pembeni.

Changanya kiasi utakachomaliza ndani ya saa chache. Mchanganyiko wenye hadina huganda wenyewe, na usirudishwe kwenye kopo la rangi safi.

Kupuliza

Shika bunduki umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye chuma, na kila mpigo ufunike nusu ya uliopita. Piga tabaka nyepesi mbili au tatu, ukingoja dakika 10 hadi 15 kati yake, au kama kopo linavyoelekeza. Mwaga maji yaliyokusanyika kwenye tangi la kompresa, kwa sababu hadina na maji havipatani. Kwa sababu hiyo hiyo, usipulize alfajiri chuma kikiwa na umande.

Mapafu ya fundi

Isosayaneti zinajulikana kwa kusababisha pumu ya kazini. Mtu huweza kuzivuta kwa muda bila kuona lolote, kisha mwili ukaanza kuzikataa. Akishafikia hapo, hata kiasi kidogo sana humletea kifua kubana, na wengine hulazimika kuacha kazi. Dalili huweza kuja usiku, saa nyingi baada ya kazi. Kutosikia harufu si ushahidi kwamba hewa ni salama.

Kitambaa, barakoa ya hospitali na ile ya vumbi havizuii kemikali hizi. Kinga bora ni kifaa kinacholeta hewa safi kwa bomba. Asiye nacho, njia salama ni kutumia enameli bila hadina na kungoja zaidi. Hata hivyo mvuke wa thina bado unataka barakoa ya vichujio vya kemikali na mahali penye hewa. Vaa pia glavu, miwani na nguo za mikono mirefu. Watoto, majirani na wateja wakae mbali.

Kikikubana kifua, toka kwenye hewa safi na uende hospitali, ukamweleze daktari kwamba ulikuwa unapuliza rangi yenye hadina. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 15, kisha utafute matibabu.

Baada ya kazi

Osha bunduki mara moja. Matambara yenye enameli yasirundikwe, maana hupata joto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje au yaloweke majini. Funga vizuri kopo la hadina. Ikiwa maji yameingia ndani yake, usilikaze kifuniko, kwa kuwa gesi hujazana na kopo huweza kupasuka.