Kurasa za Mwisho

Nilisoma *Najisikia Kuua Tena* nikiwa kidato cha pili, Kasulu, kwa mwanga wa kibatari. Kitabu kilikuwa kimepita mikono mingi mpaka jalada likatoka na kurasa za mwisho zikachanika. Niliishi miaka kadhaa bila kumjua muuaji.

Mwandishi wake, Ben R. Mtobwa, ni mtu wa kwetu, mzaliwa wa mkoa wa Kigoma. Miaka ya 1980 riwaya zake za Joram Kiango zilisomwa nchi nzima. Joram ni mpelelezi wa kujitegemea. Inspekta Kombora ni polisi anayemhitaji huku akikereka naye. Hawafanani kwa mbinu, lakini wana imani moja: kila maiti ina wa kuijibia, na mtu huyo ana jina.

Huku kwetu imani hiyo imepata mtihani mgumu. Oktoba 21, 1993, wanajeshi walioasi walimuua Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, aliyechaguliwa Juni mwaka huohuo. Mauaji yakasambaa vilimani: Watutsi wakauawa na majirani, Wahutu wakauawa na jeshi. Maelfu wakavuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu. Kanembwa, Mtendeli na Mtabila yakawa majina ya kambi.

Waha hawakuhitaji mkalimani. Kiha na Kirundi husikilizana, kwa hiyo mkimbizi aliyekuja kulima kibarua shambani aliposimulia, mwenyeji alielewa kila neno. Katika masimulizi hayo hapakuwa na fumbo la nani aliua. Majina yalitajwa, pamoja na kijiji na kilima. Kilichokosekana ni Kombora wa kuyaandika.

Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Burundi ilipochafuka tena mwaka 2015, Nduta na baadaye Mtendeli zikafunguliwa upya. Nilikuwa kidato cha nne. Baadhi ya waliokuja walikuwa wanakimbia kwa mara ya pili, wengine ya tatu.

Oktoba 2020, miaka 27 baada ya kifo cha Ndadaye, mahakama ya Burundi ilimhukumu rais wa zamani, Pierre Buyoya, kifungo cha maisha kwa mauaji hayo, bila yeye kuwapo. Aliikataa hukumu hiyo. Desemba mwaka huohuo akafariki. Huyo aliyeuawa alikuwa rais, na bado ilichukua miaka yote hiyo kupata hukumu inayobishaniwa. Mkulima aliyeuawa kilimani jalada lake liko wapi?

Mwaka jana, nikitafuta mada ya tasnifu, nilipata nakala kamili ya riwaya ile. Nikamaliza kurasa nilizokuwa nazidai tangu utotoni. Zamani nilidhani riwaya za upelelezi hutupendeza kwa sababu ya damu na mbio za magari. Sasa naona ni kwa sababu kuna mtu analipwa mshahara kuuliza nani aliua, na haachi kuuliza mpaka ajibiwe.

Tasnifu yangu inahusu masimulizi ya wale waliolima kibarua katika mashamba yetu. Nimeanza kuyaandika.