Barua za Sifa na Vipande: Habari za Uwongo katika Kuomba Kazi

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Lakini mtu aombaye kazi hana budi kujitembeza, awe mwema au awe mbaya, kwa sababu mwenye kazi hamjui. Hapo ndipo ulipo mlango wa uwongo. Mwenye kazi hutaka kujua mambo matatu: mtu huyu ni nani, amejifunza nini, na huko alikotoka alifanya kazi namna gani. Mambo hayo hayaonekani usoni. Basi mwombaji huleta karatasi, na karatasi haina ulimi wa kumkanusha aliyeiandika.

Sisi waalimu twalijua jambo hili kwa karibu. Mara nyingi mzazi huja kwa mwalimu kumwomba amwandikie kijana wake barua ya kusema kwamba amemaliza darasa ambalo hakulimaliza. Huona kuwa ni kumsaidia mtoto tu. Kwa hiyo nataka tutazame habari za zamani, tuone jinsi watu walivyojaribu kuugundua uwongo huo, ni njia ipi iliyofaa, na ni ipi iliyoleta uchungu mwingi kuliko faida.

Katika karne ya 18 watu wengi wa Uingereza walitoka mashambani wakaenda London kutafuta utumishi wa nyumbani. Desturi ilikuwa kwamba mtumishi akiacha kazi, bwana wake humwandikia barua ya sifa, kueleza muda aliokaa na tabia yake. Asiye na barua hakupata kazi kwa urahisi. Basi hila zikazuka. Wengine walijiandikia barua wenyewe. Wengine walipatana na rafiki ajifanye bwana wao wa zamani, awasifu mbele ya bwana mpya. Wengine walibadili tarehe, ili miezi ile waliyokaa bila kazi baada ya kufukuzwa isionekane.

Mwaka 1750 Henry Fielding, aliyekuwa hakimu na mtungaji wa vitabu, pamoja na John, ndugu yake kwa baba, aliyekuwa kipofu, walifungua ofisi mjini London ya kuwaandikisha watu watafutao kazi na watu watafutao watumishi. Shauri lao lilikuwa hili: habari za mtumishi zisikae mfukoni mwake tu, bali ziandikwe katika daftari linalotunzwa na mtu mwingine. Shauri hilo ni dogo kulitazama, walakini tutaona kwamba nguvu yake ni kubwa.

Hata mwaka 1792 Bunge la Uingereza likatunga sheria juu ya barua hizo. Sheria ile ilitaja hila moja moja: kujifanya bwana wa mtu ili kumsifu, kuandika kwa kusudi muda wa utumishi usio wa kweli, kuleta barua ya uwongo, kugeuza maneno ya barua ya kweli, na kukana kwamba mtu aliwahi kutumika mahali fulani. Faini yake ilikuwa pauni 20, nazo zilikuwa fedha nyingi sana kwa mtumishi wa siku zile. Na tulitie moyoni neno hili: sheria haikumshika mwombaji peke yake. Aliyeandika uwongo kwa ajili yake alishikwa pia. Waliotunga sheria walifahamu kwamba uwongo wa kuomba kazi mara nyingi una wazazi wawili, yule aombaye na yule amsaidiaye.

Sasa tuvuke bahari twende Bara Hindi, maana huko ndiko ilikotoka njia nyingine, ambayo baadaye ilifika kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1858, katika nchi ya Bengal, ofisa Mwingereza jina lake William Herschel alipatana na Rajyadhar Konai amletee vifaa vya kutengenezea barabara. Herschel alimtaka apige alama ya kiganja chake kwa wino juu ya karatasi ya mapatano, asije akayakana maneno yake. Baadaye Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, alitengeneza njia ya kuzipanga alama za vidole kwa taratibu, hata alama za mtu mmoja ziweze kutafutwa na kuonekana kati ya maelfu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wasaidizi wake wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Mwaka 1901 polisi wa London wakaanza kuitumia njia hiyo.

Kutoka hapo twafika Kenya. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, lakini kwa sababu ya vita haikutumika mpaka vita vilipokwisha, yapata mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi alipewa kipande. Ndani yake zilikuwamo habari zake na alama za vidole vyake, na pia jina la bwana wake, siku aliyoingia kazini, siku aliyotoka na mshahara wake. Kipande kilitiwa katika kikebe cha chuma, na watu wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Wengine walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Tukikitazama kama chombo cha kugundua uwongo, kipande kilikuwa na nguvu. Mtu akitoroka kazini na kujiita jina jingine kwa bwana mwingine, vidole vyake vilimtaja. Hakuweza kuficha alikotoka wala kuongeza mshahara aliopata. Lakini chombo hicho kilitazama upande mmoja tu. Bwana asipotia sahihi ya kumwachilia mtu wake, mtu yule hakuweza kupata kazi nyingine kwa njia ya halali, hata kama kosa lilikuwa la bwana. Mshahara mdogo wa jana ulimfuata, bwana mpya akausoma, asione sababu ya kumwongeza. Na mwenye kazi hakuvaa kikebe shingoni ambacho mfanyakazi angeweza kukifungua asome: bwana huyu hupiga, bwana huyu hukawiza mishahara. Mkweli na mwongo walifungwa kamba moja, na kosa lao lilikuwa moja, yaani kuwa Waafrika.

Haikuwa ajabu basi kwamba kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyalalamikia Harry Thuku mwaka 1921, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa mwezi wa Machi 1922. Watu walipokusanyika mbele ya kituo cha polisi mjini Nairobi kutaka aachiliwe, walipigwa risasi, na hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa watu 21 waliokufa. Kipande kilidumu bado, hata mwaka 1947 ikatungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa mataifa yote.

Habari ya mwisho ni ya Tanzania, nayo ni ya juzi tu. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa serikali. Watumishi 9,932 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi, na walikuwamo waalimu na wauguzi. Waligunduliwaje? Hawakuvishwa kitu shingoni. Baraza la Mitihani lina daftari la watahiniwa, lenye majina yao, namba zao, shule zao na alama walizopata. Cheti kilichoko kazini kililinganishwa na daftari. Cheti kingeweza kuwa na muhuri mzuri na sahihi iliyoigwa kwa ustadi, lakini daftari halikulijua jina lile. Tena vilionekana vyeti vilivyotumiwa na watu zaidi ya mmoja. Shauri la Fielding lilikuwa limefanya kazi yake baada ya miaka zaidi ya 260.

Watu wale waliondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumika miaka mingi, na mwaka 2022 serikali ilikubali warudishiwe michango waliyokatwa wenyewe kwa ajili ya uzeeni. Naona ni haki. Jasho lilikuwa la kweli, ingawa cheti kilikuwa cha uwongo. Lakini tusimsahau mwingine ambaye hakutajwa katika taarifa ile. Ni yule kijana aliyefaulu kwa kalamu yake mwenyewe, akabaki nyumbani kwa sababu kiti chake kilikuwa kimekaliwa.

Basi tunajifunza nini? Kwanza, mwenye kazi asiikodolee macho karatasi, bali aende kwenye asili yake. Cheti kiulizwe kwa waliokitoa, na barua iulizwe kwa aliyeiandika, tena kwa anwani aliyoitafuta mwenye kazi mwenyewe, si ile aliyopewa na mwombaji. Pili, azifuate tarehe mwezi kwa mwezi, maana uwongo hupenda kujificha katika pengo. Tatu, ampe mtu kazi kidogo aifanye mbele yake. Fundi seremala hujulikana kwa randa, na karani kwa kalamu. Nne, akiona neno lisilopatana, amwulize mwombaji kabla ya kumhukumu, kwa kuwa makarani nao hukosea majina na namba.

Na sisi tuandikao barua za sifa tujitazame. Mzazi akija na ombi lile, tumwandikie kijana yaliyo kweli, nayo hayakosekani: kwamba huwahi kufika, kwamba ni mtiifu, kwamba mwandiko wake wasomeka. Tukimwongezea darasa asilolisoma, tumempa mzigo wa kuchukua maisha yake yote, akiogopa kila siku daftari litakapofunguliwa. Njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wake hujikwaa yeye aliyetumwa kuipita.