Majivu ya London: Habari za Kandarasi za Takataka

Mkulima akizoa majivu mekoni huyatia shambani, na maganda huwapa mbuzi; kazi imekwisha. Lakini mahali wanapokaa maelfu ya watu wasio na mashamba, takataka hazina pa kwenda, na hapana budi awepo mtu wa kuzichukua. Je, mtu huyo alipwe, au yeye ndiye alipe? Labda swali hili litachekesha, lakini mji wa London ulilijibu kwa njia zote mbili, na habari zake twaona zina mafunzo.

Mwaka 1801 London ilikuwa na watu wapata milioni moja, na moto wa majumbani ulikuwa wa makaa ya mawe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya takataka ilikuwa majivu. Mji uligawanyika katika mitaa mingi, kila mtaa na baraza lake. Baraza lilitangaza kandarasi, na wakandarasi wakashindana. Aliyeahidi kulipa fedha nyingi zaidi ndiye aliyepewa ruhusa ya kuzoa. Naam, mkandarasi ndiye aliyelipa.

Sababu yake ni hii. Takataka zilipelekwa kwa mikokoteni mpaka uwanjani, na huko wanawake wakazichekecha. Majivu laini yalichanganywa na udongo wa matofali. Makaa yaliyoungua nusu yalitumiwa kuyachoma matofali hayo hayo. Mifupa, matambara na vyuma viliuzwa, kila kitu kwa mnunuzi wake, na vigae vikatiwa chini ya barabara. Hivyo mji uliokuwa ukikua ulijengwa kwa majivu ya meko yake wenyewe.

Lakini biashara ina kupanda na kushuka. Kufikia mwaka 1851 watu walikuwa wamezidi milioni mbili. Majivu yakapita haja ya wachoma matofali, na bei ikaanguka. Wakandarasi wakaacha kulipa, wakadai kulipwa. Tena, afuataye faida huenda penye faida. Wazoaji walipenda nyumba za matajiri, zenye majivu mengi na bakhshishi, wakapuuza vichochoro vya maskini, ambako majivu yalikuwa machache. Huko uchafu ukaoza milangoni mwa watu, nzi na panya wakastawi.

Mabaraza yakatafuta njia nyingine. Katika mji wa Nottingham lilijengwa mwaka 1874 tanuri la kuchomea takataka, na miji mingine ikafuata. Hata hivyo moto haumalizi kazi yote: majivu yake hubaki, nayo yataka mahali pa kuwekwa.

Ndipo ikaja sheria ya afya ya London ya mwaka 1891. Sheria hiyo iliyaamuru mabaraza yahakikishe kwamba takataka za nyumba zinaondolewa kwa wakati wake. Kwa wenye maduka na viwanda iliweka kanuni nyingine: baraza litaondoa mabaki ya biashara zao wakitaka, lakini watalipa gharama iliyo ya haki. Na twaona ni insafu, kwa maana si vema mwenye chumba kimoja alipie uchafu wa mwenye kiwanda. Katika miji mingi hata leo wenye biashara hufanya mapatano ya namna hiyo, ama na baraza, ama na kampuni.

Basi historia hii yatufunza nini? Takataka ikiwa na bei, wa kuizoa ni wengi. Ikikosa bei, itabaki mlangoni mwa mnyonge, isipokuwa mapatano yanamlazimisha mtu kuiondoa. Kwa hiyo mapatano yaandikwe wazi: kitakachozolewa ni nini, siku gani, kwa malipo gani, kitapelekwa wapi, na nani atakagua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba taka bila daftari haipotei. Hurudi kwetu kwa njia ya maradhi.